Mlango na Mkeka

Mwanadamu ana haja chache zisizoweza kuahirishwa. Sharti ale, sharti anywe, sharti apate mahali pa kulala pasipofikiwa na mvua. Akizipata hizo ameweza kuishi. Lakini hajapata kuonekana mtu wala kabila lililoridhika kuishi hivyo tu. Mtungi wa maji hutiwa mistari shingoni, mwiko huchongwa mpini, mkeka hutiwa rangi, na mlango wa nyumba huchorwa maua yasiyonukia wala kuzaa. Mistari ile haizidishi maji mtungini, na maua yale hayamzuii mwizi. Basi kwa nini mtu hujisumbua kuyatia? Je, pambo ni haja au ni anasa? Na kama ni anasa, ni halali kwa mtu kuipamba nyumba yake ilhali jirani yake analala na njaa?

Swali hili, msomaji, sikulitunga mimi. Niliulizwa na mwanafunzi, na siku ile sikuwa na jawabu.

Nilikuwa nimeongozana na wanafunzi wa kidato cha pili kwenda Lamu. Tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe, tukashuka gatini, tukaingia katika vichochoro vyembamba vya mji ule wa kale, ambao mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta za nyumba ni za mawe ya matumbawe, nene, nazo kwa nje hazina pambo lolote. Mpita njia hawezi kujua kwa kuzitazama kama mwenye nyumba ni tajiri au amefilisika. Pambo lote la nje limekusanywa mahali pamoja, nalo ni mlangoni.

Tukasimama mbele ya mlango mmoja mkubwa. Ulikuwa na pande mbili zifungukazo kuelekea ndani, na katikati yake ubao mwembamba mrefu uitwao mfaa, ambao kazi yake ni kuuziba mwanya baina ya pande hizo. Mfaa ule ulichongwa majani na maua kutoka juu hata chini. Kizingiti cha juu kilichongwa vilevile, na miimo ya pembeni ilizungushwa nakshi mfano wa mnyororo. Mbao ilikuwa ngumu, ya namna ile ambayo patasi huingia kwa shida na nakshi hudumu kwa vizazi. Nikawaeleza wanafunzi habari za ufundi huu, jinsi baba alivyomfunza mwana, na jinsi karakana za uchongaji zingalipo Lamu hata leo.

Nilipokwisha kusema, kijana mmoja akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mlango ni mlango. Kazi yake ni kufunga na kufungua. Fundi huyu alikaa hapa miezi mingapi? Na katika miezi hiyo, ni watu wangapi mjini waliokosa chakula?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba amelipata jambo. Nikamwambia kuwa nitamjibu baadaye, kama walimu wafanyavyo wanapokosa la kusema.

Kwanza tumpe kijana yule haki yake, kwa sababu alikuwa na haki zaidi ya alivyojua. Katika karne ya 19 utajiri wa majumba makubwa ya Lamu ulitokana na biashara ya baharini na mashamba ya bara, yaliyopandwa mtama na ufuta. Na waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa watumwa. Hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria za pwani yetu mpaka mwaka 1907. Basi yamkini mikono iliyolima gharama ya milango mingi ya namna ile haikuwa na ruhusa ya kuipita kama mgeni. Mtu akikuambia kuwa uzuri wa kitu huosha uovu wa mali iliyokinunua, usimsadiki. Damu haifutwi kwa nakshi.

Lakini tuwe waangalifu tusimhukumu asiyehusika. Ubaya wa chumo ni dhambi ya mwenye mali; haugeuki kuwa dhambi ya patasi. Kama pambo lingekuwa ni tunda la dhuluma peke yake, tungelikuta katika nyumba za wadhalimu peke yao, na maskini wangekuwa na vitu vitupu visivyo na alama. Sivyo ilivyo. Ili tulipime jambo hili kwa mizani ya sawa, na tutoke katika jumba la mawe, twende katika nyumba ya udongo.

Nyumba niliyolelewa ilikuwa ya udongo, imeezekwa makuti. Mlango wetu ulikuwa kipande cha bati kilichopigiliwa misumari juu ya mbao za kasha, na hapana mtu aliyewahi kusimama kuutazama. Lakini ndani mlikuwa na mikeka ya bibi yangu. Bibi alikata majani ya mkindu, akayaanika juani mpaka yakawa meupe. Kisha aliyachana kwa ukucha na kisu, akapata chane nyembamba zilizolingana. Baadhi ya chane alizichemsha katika rangi, nyekundu na zambarau, akazianika tena. Hapo ndipo alipoanza kusuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, ambao aliukunja kama kamba ya jahazi kila ulipozidi kurefuka. Ukili ukitimia alitwaa shazia na kuushona ubavu kwa ubavu, mpaka utepe ukawa mkeka. Kazi hii ilichukua majuma mengi, maana aliifanya baada ya shamba, baada ya kisima, na baada ya jiko.

Sasa angalia, msomaji. Katika mlango mtu aweza kusema kwamba ubao ulikuwapo kwanza, na nakshi ikaja baadaye kama nguo ya sikukuu. Katika mkeka hawezi kusema hivyo. Pambo la mkeka ni chane zile zile zinazoushika mkeka usifumuke. Ukitoa chane nyekundu, hubaki na mkeka usio na pambo. Hubaki na mkeka wenye matundu. Hali kadhalika kiondo cha Wakamba na Wakikuyu: mistari yake ya rangi ni nyuzi zile zile zinazobeba maharagwe kutoka sokoni. Mikono ya watu hawa haikuwahi kufunzwa kutenga haja na pambo, wala haikupata nafasi ya kufanya kwanza cha kufaa na halafu cha kupendeza. Ilifanya vyote viwili kwa pigo moja.

Siku moja nilimwona bibi anafumua ukili aliousuka tangu asubuhi, kiasi cha shubiri tatu. Chane moja ya zambarau ilikuwa imepita juu mahali ilipopaswa kupita chini, na safu ya rangi ikapinda. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, nami nilitazama kwa karibu sana ndipo nikaliona kosa lenyewe. Nikamwambia, "Bibi, nani ataona?" Akaendelea kufumua. Nikasema tena, "Mtu atalala tu juu yake." Akanijibu bila kuniangalia, "Na wewe mgeni utamlaza juu ya kosa?"

Maneno hayo sikuyaelewa kwa miaka mingi. Nyumba yetu ilipata wageni kwa nadra, na walipokuja walikuwa ni shangazi na wajomba ambao wangelala hata juu ya gunia. Nilianza kuyaelewa nilipokuwa nikilitafuta jawabu la mwanafunzi wangu. Nilikumbuka kwamba kuta za Lamu kwa nje ni tupu, na pambo limewekwa mlangoni, mahali mgeni anaposimama kabla ya kukaribishwa. Nikakumbuka kuwa mkeka uliosukwa kwa uangalifu kuliko yote ulikuwa haukanyagwi na sisi. Ulikunjwa juu ya dari ukimngoja mgeni. Tajiri wa mawe na maskini wa udongo, waliotengana kwa kila jambo, walikuwa wamewaza wazo moja.

Wazo hilo nadhani ni hili. Pambo ni salamu ya kitu. Sisi tunajua salamu ni nini. Salamu haimshibishi mtu mwenye njaa, wala haimlipii deni, wala haimwoteshei mahindi shambani. Kwa hesabu ya faida salamu ni pumzi iliyopotea. Lakini mtu apitaye mlangoni pa wenzake asubuhi asiseme neno, hata akiwa na haraka ya haki, hutuacha tukijiuliza tumemkosea nini. Kwa salamu mtu humwambia mwenziwe, "Nimekuona, nawe u mtu." Kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu husema neno hilo hilo kwa niaba ya fundi wake, tena hulisema kwa watu asiopata kuwajua, hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa. Bibi yangu alikuwa akiwaamkia watu ambao hawajafika.

Ukiikubali maana hii, msomaji, utaona kwamba inatupa pia mizani ya kulipimia pambo baya. Iko salamu ya kweli na iko salamu ya mnafiki. Wazee wetu walisema, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Mkakasi ni kijaluba cha kupakwa rangi, kipendezacho machoni na kisichostahimili unyevu. Methali haikulaani rangi. Imelaani rangi iliyotiwa ili kuficha udhaifu wa mti. Kiti kilichonakshiwa kikamwangusha mkaaji kimemsalimu mtu na kumsukuma kwa wakati mmoja. Na ule mlango uliowaamkia wafanyabiashara kwa maua, na kuwapitisha watumwa upande mwingine bila neno, ulikuwa na salamu ya upendeleo. Kosa lake halikuwa kusalimu. Kosa ni kwamba waliokuwa ndani hawakukusudia kumwona kila mtu kuwa mtu.

Huenda utaniuliza, je, vitu vya kiwandani? Leo mkeka wa plastiki hupatikana katika kila mji. Ni mwepesi, hufuliwa kwa sabuni, haushikwi na kuvu, na bei yake ni nafuu. Mama mwenye watoto sita akiununua hana kosa, wala mimi sina haki ya kumdharau kwa jina la sanaa nikiwa nimeketi juu ya kiti kilichotoka kiwandani. Mashine haimkatazi mtu kuwa mwangalifu. Mtu aliyeibuni sufuria yenye mkono usiounguza kidole amemfikiria mpishi, naye amesalimu kwa njia yake. Lakini nina hofu moja. Mtoto anayekua katika nyumba ambamo hakuna kitu hata kimoja alichokiona kikitengenezwa aweza kudhani kwamba vitu huanguka dukani kama mvua. Atavitupa kwa wepesi alivyovipata, na watu wanaovifanya hawataingia katika fikira zake kabisa.

Ndiyo sababu nasema kwamba kazi ya mikono ni chemchemi ya ilhamu hata kwa mtu asiyekusudia kuwa fundi. Ila ilhamu hii hufahamika vibaya mara nyingi. Watu huona kiondo kizuri wakakimbilia kuiga mistari yake, wakaichapa juu ya vikombe na mifuko ya karatasi, wakadhani wamevuviwa. Wameazima uso wa kitu na kuiacha roho yake. Tumtazame Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa mwaka 1914 hata 1918, alifika Tanganyika, na husimuliwa kuwa huko alijifunza uchongaji kwa Wazaramo. Alipoirudia nchi yake alichonga, na wengine wakajifunza kutoka kwake, hata Wamunyu ikajulikana kwa wachongaji. Kitu alichorudi nacho hakikuwa sanamu moja ya kunakiliwa. Alirudi na mazoea ya jicho na mkono: kukiona kilichomo ndani ya gogo, kuondoa kidogo kidogo, na kujua pa kukomea. Mazoea hayo yaliota mizizi katika udongo mwingine na kuzaa matunda ya huko.

Wewe nawe waweza kuyapeleka mazoea hayo popote. Muuguzi anayefunga kidonda kwa bendeji iliyonyooka, ingawa bendeji iliyopinda ingeweza kuzuia damu, ni ndugu wa msusi wa mkeka. Mwashi anayelainisha pembe ya ukuta utakaofichwa na kabati ni ndugu yake pia. Karani anayeandika jina la mzee asiyejua kusoma, akamwuliza mara mbili liandikwavyo ili asilikosee, ametia nakshi katika kazi yake. Hakuna atakayewapigia makofi hawa. Lakini wamekataa kumlaza mgeni juu ya kosa.

Kabla sijafika mwisho yanipasa kusema juu ya gharama, kwa kuwa mtu asifiaye vitu vizuri bila kutaja gharama yake hajamaliza maneno. Wachongaji wetu kwa muda mrefu waliupenda mti wa muhugu, ambao mbao yake ni ngumu na hupokea nakshi vizuri. Mti huu hukua polepole sana, na sanamu ziliuzwa kwa wingi. Basi muhugu ukapungua misituni. Baadhi ya wachongaji wakageukia mwarobaini na mwembe, miti ipandwayo na watu na kukua upesi. Huu ulikuwa uamuzi wa hekima. Fundi anayemsalimu mgeni wa leo kwa mti wa mjukuu wake amechukua kwa mmoja ili kumpa mwingine.

Na gharama ya pili ni jasho. Hapa sina budi kujishtaki mwenyewe. Nilipopata kazi ya ualimu mara ya kwanza, nilikwenda soko la mji mmoja wa bara kununua kiondo cha zawadi. Mwenye kuuza alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kwa mbali, naye alinitajia shilingi mia nane. Nilimwita mama, nikacheka naye, nikajifanya naondoka, nikarudi, na mwisho nikakichukua kwa mia tano. Niliondoka nikijiona hodari. Baadaye, nilipowafundisha wanafunzi hesabu ya faida na hasara, mmoja wao ambaye mama yake alikuwa msusi alituonyesha kazi ilivyo: kutayarisha nyuzi za katani, kuzisokota juu ya paja moja moja, kuzitia rangi, kuanza kitako, kupandisha mbavu, kushona mkanda. Tulihesabu siku, tukazigawa katika shilingi mia tano. Jawabu tuliloliandika ubaoni halikufika bei ya mkate na maziwa kwa siku. Sikuwaambia wanafunzi kwa nini nilinyamaza. Nilimwita mwanamke yule mama kwa ulimi, na kwa mfuko nikamfanya mjinga. Kitu chake kilinisalimu, nami sikuitika.

Mapatano ya bei si haramu; ni desturi ya soko, na muuzaji naye hujua kuyacheza. Lakini yana mpaka wake. Mpaka huo ni pale unapojua kwamba ukishuka zaidi, unayelipia zawadi yako si wewe tena.

Baada ya safari ya Lamu nilimwita yule kijana, nikampa jawabu langu kama nilivyokupa wewe. Nilimwambia juu ya mlango na mkeka, na juu ya salamu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Na yule mtumwa, mwalimu, salamu yake iko wapi?" Nikamwambia kweli, kwamba mlango hauwezi kumjibu mtumwa. Mlango umekwisha sema ulivyofunzwa kusema. Sisi ndio tuwezao kujibu, kwa namna tunavyowatazama watu wanaotulimia, wanaotujengea na wanaotusukia leo. Sijui kama aliridhika. Swali lake lilikuwa jema kuliko jawabu langu, na natumaini hataliacha.

Nawe, msomaji, ukifunga kitabu hiki, tazama chumba ulichomo. Tafuta kitu kimoja kilichofanywa na mkono wa mtu, hata kikiwa kikawa cha kufunikia chakula, kigoda au kibuyu. Kigeuze, ukitazame na upande usioonekana, maana upande huo ndio husema kweli juu ya fundi. Kisha waulize wakubwa wako nani alikifanya, na alilipwa nini.

Mimi bado ninao mkeka mmoja wa bibi, naye amekwisha fariki. Rangi nyekundu imefifia, zambarau imekaribia kuwa kijivu, na ncha moja imeliwa na panya. Mgeni akija huutandika. Na mara nyingine, nyumba ikiwa kimya, nimepiga magoti juu yake na kufuata safu za chane kwa kidole, nikipatafuta mahali alipofumua zile shubiri tatu akasuka upya. Sijapaona.